Vyaelea Vimetunzwa

Methali isemayo vyaelea vimeundwa ilitoka pwani, lakini huku kwetu kando ya Ziwa Nyasa tumeizoea kana kwamba ilizaliwa hapa. Husikika kila chombo kipya kinaposhushwa majini. Mgeni wa heshima anafika, utepe unakatwa, kwaya inaimba, mzee mmoja anapewa nafasi ya kusema neno, naye bila kukosa huitaja. Watu hupiga makofi, picha hupigwa, na chombo huondoka kikimeta juani. Siipingi methali hiyo. Inatukumbusha kwamba hakuna chema kinachojileta chenyewe. Hata hivyo, kwa jinsi nilivyoviona vyombo vilivyolala mchangani Manda na Lupingu miaka mitano au kumi baada ya makofi yale, nimefikia kuamini kwamba methali hiyo imetupa nusu ya habari. Inamsifu aliyeunda. Haimtaji aliyetunza. Nasi, kwa kuwa husifu pale tulipofundishwa kusifu, tumekuwa hodari wa kuzindua na wavivu wa kuosha.

Haya niandikayo ni tahakiki, ingawa kinachohakikiwa si riwaya wala tamthilia. Ni kazi mbili za mikono zilizofanywa juu ya boti mbili za faiba katika mwambao wa Ludewa. Boti zote mbili zilikuwa kuukuu, zote mbili zilikuwa zimepauka, na wenyewe walitaka jambo moja: chombo kirudi kuwa cheupe kama siku kilipofika. Kazi ya kwanza ilisifiwa na kila mtu. Ya pili ilichekwa. Nakusudia kuonyesha kwamba sifa zile na kicheko kile vilikosea njia, na kwamba kosa hilo si dogo, maana katika mwambao huu watu huweka roho zao ndani ya vyombo hivyo.

Msomaji ambaye hajafika kwetu na ajue kwamba Ludewa ina nyuso mbili. Juu kuna baridi, mahindi na ukungu wa asubuhi. Chini kuna joto, mihogo na usipa walioanikwa. Kati ya nyuso hizo mbili imesimama Milima ya Livingstone, ambayo mahali pengi haiteremki bali inatumbukia ziwani. Kwa miaka mingi mtu wa Makonde au Lumbila aliyetaka kwenda kwa jirani yake alikuwa na njia mbili, kupanda mlima kwa miguu au kupita majini. Mgonjwa hapandi mlima, wala mama aliyeshikwa na uchungu hapandi. Ziwa lenyewe si dimbwi. Kina chake hupita mita 700, na upepo wa mwera unapovuma katikati ya mwaka mawimbi yake hayana tofauti na ya bahari. Kwa hiyo mtu wa huku anaposema chombo fulani ni kizima au kibovu, hazungumzii pambo.

Nianze na boti ya kwanza. Ilikuwa mali ya kikundi ambacho sina haja ya kukitaja. Walikuwa wameipata ikiwa mpya, wakaitumia kuvulia na kubebea watu, na kwa miaka yote hiyo ililala juani, kifudifudi au chali, kwa namna ilivyotupwa siku hiyo. Ikafifia. Weupe wake ukawa wa majivu, pembeni ukapiga manjano, na kila aliyeiegemea aliondoka na unga mweupe mgongoni kama mwalimu aliyeegemea ubao. Habari zikaja kwamba kuna ugeni mkubwa utakaotembelea mwambao. Kikundi kikachanga fedha, ikanunuliwa rangi ya mafuta, ile ile ipakwayo kwenye milango na madirisha, na vijana wawili wakaipaka boti kwa brashi kwa siku moja na nusu. Wakaipiga mstari wa buluu ubavuni. Siku ya ugeni iling'aa hata ikaumiza macho. Nakumbuka nami nilisema, "Vijana mmefanya kazi." Sikujua kwamba nilikuwa nahakiki, na kwamba nilikuwa nahakiki vibaya.

Kabla sijaeleza kilichotokea, yafaa tuelewe kile kilichofifia ni kitu gani, kwa sababu makosa yote mawili, la kupaka ovyo na la kusugua ovyo, yanatokana na kutolielewa jambo hili.

Boti ya faiba haichongwi kama mtumbwi, wala haipigwi misumari kama mashua. Inamiminwa ndani ya kalibu. Fundi huanza na ngozi ya nje. Hupuliza au kupaka ndani ya kalibu tabaka la plastiki iliyotiwa rangi, ambalo mafundi huliita jelikoti. Likishaanza kukauka, juu yake hutandika matandiko ya nyuzi za kioo yaliyoloweshwa rezini, tabaka baada ya tabaka, mpaka mwili utoshe unene. Chombo kinapong'olewa kwenye kalibu, kile kilichowekwa kwanza ndicho kinachotazama jua. Hivyo jelikoti si rangi iliyopakwa juu ya boti. Ni sehemu ya boti yenyewe, imeshikana na mwili tangu kuzaliwa. Lakini ni nyembamba sana, nusu milimita au zaidi kidogo, kama kadi mbili za karata zilizolaliana. Nguvu ya boti haiko humo. Kazi ya jelikoti ni kuzuia maji na jua visiufikie mwili. Weupe wake aghalabu hutokana na unga wa titani, madini ambayo yamo pia ndani ya mawe ya chuma ya Liganga katika wilaya yetu hii hii.

Adui mkubwa wa ngozi hiyo ni jua. Kwetu jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Oktoba na mwezi wa Februari, na maji huurudisha mwanga wake kutoka chini. Mionzi hiyo huivunja plastiki ya juu kabisa kidogo kidogo. Plastiki ikivunjika, unga wa rangi hubaki hauna wa kuushika, nao ndio ule unaopaka migongo ya watu. Chini ya unga huo, lakini, jelikoti nzima bado ipo. Anayetaka kuthibitisha na achukue kitambaa, akiloweshe maji na kupangusa mahali palipofifia. Pakiwa paking'aa na kukolea wakati wa unyevu, kisha pakafifia tena pakikauka, basi ung'aro haujafa. Umefunikwa na vumbi la mwili wake mwenyewe.

Hapo ndipo lilipo jambo kubwa kuhusu kazi hii, na ambalo watu wengi hawalitegemei. Kuirudishia boti ya faiba weupe wake si kuongeza kitu, ni kuondoa. Fundi huiosha, akasugua kwa msasa mwororo uliolowa maji, kwanza namba 600 au 800 kama hali ni mbaya, kisha 1000, kisha 1500, kisha 2000, kwa maana namba ikipanda msasa huwa laini zaidi. Baada ya hapo hutumia dawa nzito ya kusugulia, ile wanayotumia wapaka rangi wa magari, halafu polishi, na mwisho nta ya kufunika. Kila hatua hufuta mikwaruzo ya hatua iliyotangulia. Ung'aro unaotokea mwishoni haukutoka dukani. Ulikuwemo. Lakini kila unapoutafuta, unakula sehemu ya ile nusu milimita. Ukiutafuta kwa pupa, siku moja utaziona nyuzi za kioo zinakuchungulia, na hapo huna tena cha kung'arisha.

Sasa turudi kwa boti iliyosifiwa. Wapaka rangi hawakuosha ule unga wala hawakuupiga msasa. Walipaka juu yake. Rangi ikashika unga, na unga haukushika kitu. Masika ya pili rangi ilikuwa inabanduka kama gome la mpera. Laiti hasara ingekuwa hiyo tu, nisingeandika. Boti nyingi za namna hii zina ubao ndani ya ukuta wa nyuma, pale inapofungwa injini, nao umefunikwa kwa faiba pande zote. Maji yakipenya kwenye matundu ya boliti, ubao huo huoza kimya kimya, na dalili ya kwanza ni nyufa nyembamba kama unywele zinazoizunguka boliti, pamoja na doa la kutu linalochuruzika. Dalili hizo zilikuwapo. Aliyepaka rangi aliziona, kwa kuwa baadaye alikiri kwamba alizijaza puti kabla ya kupaka, ili mstari wa buluu utokee umenyooka. Siku moja ya mwera, boti ikiwa na watu na magunia, injini ikaanza kucheza mahali pake, ikainama, na nyuma yote ikafunguka upande mmoja. Wavuvi wa usipa waliokuwa karibu wakaja na mitumbwi yao, wakawapokea watu mmoja mmoja. Hakufa mtu, tunamshukuru Mungu. Injini ilikwenda chini.

Waliookoa walikuwa katika mitumbwi iliyochongwa kwa tezo, isiyo na rangi hata tone. Nilizungumza na mmoja wao mchangani jioni ile. Akaniambia, "Mzee, ile boti ilikuwa nzuri kushinda sisi wote." Hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa anashangaa kweli.

Huo ndio upungufu wa kazi ya kwanza. Siilaumu kwa sababu ilitumia rangi. Wapo wanaosema kupaka rangi boti ya faiba ni dhambi, nami siafikiani nao. Jelikoti ikishakwisha, ikiwa imeliwa na jua au na misasa, hakuna njia nyingine ila kuipaka, na ziko rangi za kuchanganya mafungu mawili ambazo hushika vizuri na kudumu miaka mingi, mradi uso uoshwe mafuta, upigwe msasa, na utiwe rangi ya msingi kwanza. Rangi ya namna hiyo ni kazi ya heshima. Nailaumu kazi hii kwa sababu ilifuta maandishi kabla ya kuyasoma. Uso wa chombo cha zamani ni barua. Doa la kutu linasema boliti inavuja. Lengelenge linasema maji yamo ndani ya ngozi. Nyufa za mduara zinasema hapa paligongwa. Nyufa zilizopangana sambamba zinasema hapa panapinda kila wimbi linapopita. Anayepaka juu ya hayo yote bila kuuliza ni sawa na karani anayepiga muhuri barua ambayo hajaifungua.

Boti ya pili ilikuwa na sura mbaya kuliko ya kwanza. Baada ya ajali ile, wenyewe wakaingiwa na hofu. Walisema, kama iliyong'aa imefunguka, hii iliyochakaa itafanya nini? Walikuwa karibu kuiuza kwa bei ya kutupa, au kuikata iwe birika la kunyweshea mifugo. Laiti wangefanya hivyo wangerudi kujazana katika mitumbwi, nasi tunajua mitumbwi iliyojaa hutupa habari gani za redio. Basi akaja kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi ya boti Dar es Salaam, akaomba apewe siku saba kabla hawajaamua.

Siku ya kwanza hakugusa msasa. Aligonga boti yote kwa mpini wa nyundo, akisikiliza. Faiba nzima hutoa mlio mkavu wa kukatika. Iliyoachana tabaka hutoa mlio wa kuvimba, kama boga lililooza. Akazunguka boliti zote. Akaitisha watu sita waibebe, akasikia uzito. Kisha akawaambia wenyewe, "Wazee wangu, hii imezeeka ngozi tu. Mifupa ni mizima." Wengine wakacheka. Macho yao yalikuwa yanawaambia vingine.

Siku zilizofuata aliiosha kwa sabuni na maji ya ziwa, akaondoa utelezi wa kijani. Madoa ya kutu aliyapaka maji ya ndimu na kuyaacha, akarudia, mpaka yakafifia. Msasa na dawa ya kusugulia alivifuata Makambako, katika maduka ya vipuri vya magari, kwa sababu Ludewa hakuvipata. Alijaribu kwanza mahali padogo pasipoonekana, chini ya ukingo, ili aone ni namba gani inatosha. Alipoona namba 1000 inatosha, hakwenda kwenye 600. Alifunga kitambaa puani kila aliposugua. Vijana waliomsaidia walipenda kuazima mashine ya kusugulia ya fundi magari ili wamalize upesi, akakataa, akisema mashine haina subira na joto lake huunguza ngozi. Walisugua kwa mikono.

Mahali pamoja, begani mwa gubeti, ambapo chombo kilikuwa kimekwaruza mawe kwa miaka, alisugua kidogo akasimama. Nilikuwapo. Nilimwuliza, "Mwanangu, mbona hapa umeacha?" Akanijibu, "Baba, hapa imebaki nyembamba. Nikipata weupe leo, nitawapa maji kesho." Akapaosha, akapatia nta, akapaacha na ukijivu wake. Boti iliporudi majini ilikuwa nyeupe yenye mng'ao mpole, na begani ina kiraka cha kijivu kama mtu mwenye baka usoni. Watu waliokuwa wamezoea ile ya kwanza walicheka. Siku saba, fedha za watu, halafu amebakiza doa!

Mimi nasema doa lile ndilo sehemu bora ya kazi nzima. Mahali pengine pote kijana yule alionyesha mikono yake inaweza nini. Pale alionyesha anajua nini. Fundi wa kawaida anajua jinsi ya kufanya jambo. Fundi mwenye busara anajua pia mahali pa kuliacha.

Lakini mhakiki asiyeona upungufu katika kazi aipendayo ni mpiga debe, kwa hiyo niseme na mabaya yake. Kijana aliziba mashimo matatu kwa jelikoti mpya, na weupe wake haukuoana na weupe wa zamani. Weupe si mmoja. Wa zamani umekwisha kuiva kwa jua, na kuulinganisha kunataka kuchanganya tone la manjano au la kijivu kwa subira. Yeye hakuchanganya. Tena, shimo moja lilibaki likinata kwa siku kadhaa, kwa sababu jelikoti ya kawaida haikauki vizuri usoni ikiwa inapigwa na hewa. Ilitakiwa aifunike kwa nailoni mpaka igande. Alilazimika kulikwangua na kulirudia. Kubwa kuliko hayo, hakumwachia mtu yeyote maandishi ya alichokifanya: alisugua wapi, kwa namba gani, mara ngapi. Atakayekuja baada yake hatajua ni ngozi kiasi gani imebaki. Kazi isiyoandikwa inamlazimisha fundi wa pili kubahatisha, na kubahatisha juu ya nusu milimita ni hatari.

Kuna hoja moja ya kupinga ambayo nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu, na haina budi ijibiwe. Wanasema, kama nguvu ya boti haiko katika ngozi, na kama iliyong'aa ndiyo iliyofunguka, basi ung'aro ni upuuzi mtupu. Iache boti ipauke, shughulika na boliti. Kwa watu maskini nta ni anasa.

Ningekubali kama ngozi ingekuwa pambo tu. Siyo. Jelikoti iliyogeuka unga hunywa maji na kushika uchafu, na ikiachwa huendelea kuliwa mpaka jua liufikie mwili wenyewe. Tabaka jembamba linalotunzwa kwa wakati huokoa lililo nene. Tunao mfano mkubwa hapa hapa Tanzania, katika Ziwa Tanganyika. Meli tunayoiita Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiona vita vinawaelekea, waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mitambo ile ilifaa kutumika tena, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina jipya. Walioipaka grisi hawakupigiwa makofi na mtu. Hapakuwa na utepe. Walifunika chuma kwa tabaka la mafuta, wakalitia giza la maji, na meli ikaja kuhudumia watu kwa miongo mingi baada ya vita vilivyoizamisha kwisha.

Tena wenye methali yetu, watu wa pwani, hawakuwa wajinga wa utunzaji hata kidogo. Mabaharia wa majahazi walikuwa wakizipaka mbao za juu sifa, yaani mafuta ya samaki, na chini ya maji wakipaka mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Maji ya bamvua yalipokupwa walikilaza chombo mchangani, wakakipitisha moto wa makuti tumboni ili kuua minyoo inayotoboa mbao. Hayo yalifanywa tena na tena, maisha yote ya chombo. Nadhani methali haikutaja utunzaji kwa sababu ulikuwa jambo la kila siku, kama kula, na hakuna atungaye methali ya kumkumbusha mtu ale. Sisi tuliochukua methali bila kuchukua mazoea yake ndio tuliopungukiwa. Hata wazee wetu wa ziwani walijua kwamba mtumbwi ukiachwa juani hupasuka, kwa hiyo waliuweka kivulini mwa mwembe au waliufunika majani.

Kilichotuharibu ni sifa iliyokuja pamoja na faiba. Mtu anayetajwa sana kuwa wa kwanza kuunda boti ya namna hiyo ni Ray Greene wa Ohio, Marekani, mwaka 1942, na tangu hapo chombo hiki kimesifiwa kwamba hakiozi, hakiliwi na mchwa, hakihitaji kalafati. Hayo ni kweli. Lakini katika kusafiri kwake sifa hiyo ikageuka, na ilipofika kwetu ilikuwa imekuwa "hakihitaji matunzo". Tukautoa mwembe katika hesabu. Tukaacha chombo cha thamani ya mitumbwi mingi juani, mahali ambapo tusingeuacha mtumbwi mmoja. Na mtumbwi ukifa huwa kuni, huwa benchi, huwa chano cha kulishia nguruwe. Faiba ikifa haiwaki kwa amani wala haiozi. Inabaki mchangani ikiwachoma watoto nyuzi zake miguuni. Chombo kisicho na mazishi mema kinastahili kuishi muda mrefu zaidi, si mfupi.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kazi ya kwanza ilikuwa ya siku moja, ilifanywa kwa ajili ya macho ya wageni, na ikafanikiwa kwa kipimo hicho. Kazi ya pili ina kasoro tatu nilizozitaja, lakini ilianza kwa kusikiliza na ikajua kukoma. Na jambo lake bora kabisa lilifanyika baada ya siku zile saba kwisha. Kijana aliwaambia wenyewe kwamba hataki kuitwa tena kusugua, kwa sababu kila akiitwa ataipunguza boti maisha. Akawaonyesha mahali pa kusimika nguzo sita na kuezeka nyasi. Akawaambia waioshe kila wanapoivuta juu, na waitie nta kabla ya kiangazi na baada yake.

Tangu mwaka 2024, Serikali ilipogawa boti za kisasa kwa wavuvi kule Mwanza, nimekuwa nikijiuliza ni nani ataandika habari za boti hizo zikitimiza miaka kumi. Sisemi hivyo kwa kebehi; nazitakia maisha marefu. Lakini ningekuwa na sauti katika shughuli za namna hiyo, ningeomba kila boti ikabidhiwe pamoja na daftari, kopo la nta, na banda la nyasi lililokwisha kuezekwa. Na ningeomba wageni wa heshima warudi mwaka wa tano bila kutoa taarifa.

Nilishuka Manda tena hivi karibuni. Boti ya pili ilikuwa chini ya banda lake, imelowa, imetoka kuoshwa. Baka la begani lipo vile vile. Kando yake mwanamke mmoja alikuwa amekaa na mizigo yake na mtoto mgonjwa mgongoni, akingoja upepo utulie apelekwe kwenye matibabu. Hakuitazama boti mara mbili. Alikuwa ameiegemea, na alipoinuka kwenda kupanda, nguo yake haikuwa na unga.